Kavu Kabisa, Nimepima Mwenyewe

Garth Ollerenshaw aliturudishia karavani Jumatatu asubuhi, bila hodi wala simu. Nilikuwa nakaanga mayai. Nikasikia gari linanguruma nje, nikachungulia, na hii hapa nyumba ya magurudumu tuliyomuuzia Septemba, anaisukuma kinyumenyume mpaka ikakaa upande-upande mbele ya geti letu. Akaichomoa kwenye gari lake, akalitia gurudumu kufuli la njano, ufunguo akatumbukiza mfukoni. Gari letu dogo likabaki ndani kama kuku kwenye tenga.

Nikatoka na mwiko mkononi. "Wewe Garth, una wazimu?"

"Sina wazimu, mama. Nina karavani iliyooza. Nirudishie pauni zangu elfu sita na mia tano, nitoe kufuli, tuachane salama."

"Imeoza wapi? Tumekuuzia kitu kikavu!"

"Njoo uone."

Akanipandisha ndani. Chini ya dirisha la mbele alikuwa amebandua karatasi ya ukutani. Akaweka kidole gumba kwenye ubao, akakisukuma kidogo tu, kikazama chote. Ule ubao ulikuwa laini kama keki iliyomwagiwa chai.

"Bryony alikuwa anafuta vumbi tu," akasema. Bryony ni mkewe. "Kitambaa kikaingia ukutani. Mama, hii haikuanza Septemba. Mimi ni mpiga lipu, najua ukuta unaooza unachukua miaka mingapi."

Kabla sijafungua mdomo, sauti ya mume wangu ikatoka mlango wa jikoni. "Nani huyo anasema imeoza? Aje aniambie mimi!"

Hapo nikajua kazi ipo.

Mume wangu ni Neville Stamper, na kama umekaa Hedon, mji wetu huu mdogo wa Uingereza, au popote huku mashariki ya Hull, huna haja ya kuelezwa. Miaka thelathini na minane kwenye kiwanda cha karavani, ishirini ya mwisho akiwa mkaguzi wa unyevu. Karavani haitoki getini mpaka Neville aitembelee na kipimo chake na kusema ni kavu. Huku kwetu watu hawaogopi sana kutu wala magurudumu mabovu; wanachoogopa hasa ni unyevu, maana karavani ikiingia maji imekwisha, hata kama kwa nje inang'aa. Alipostaafu walimpa kile kipimo, cha zamani, cha mshale, nacho hakukiweka kabatini. Mtu akitaka kununua karavani iliyotumika anaambiwa, "Kwanza mwite Neville." Anaitwa, anapima, anapewa chai na kipande cha keki, anarudi nyumbani kifua mbele. Senti moja hachukui. Hilo ndilo jina lake, na zaidi ya hilo, baada ya kustaafu, sijui mwanaume yule alikuwa na nini kingine.

Na yetu ilitoka kwenye mikono yake mwenyewe. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa Machi, miaka ishirini na miwili, tulikuwa na kazi yetu. Mimi naketi mezani mle ndani na daftari. Yeye anazunguka kuta, sehemu thelathini, anachomeka vijino vya kipimo, anataja namba, mimi naandika. Kumi na mbili. Kumi na moja. Kumi na nne, hapo karibu na sinki. Chini ya kumi na tano, mambo safi. Ikipita ishirini, uanze kuomba Mungu. Yeye hutaja, mimi huandika. Ndivyo walivyofanya kiwandani, mmoja na kipimo na mwingine na karatasi, ili mtu asiandike anachotaka. Sikuwahi kunyanyuka kuangalia mshale. Kwa nini ningenyanyuka? Ungeanza lini kumkagua Neville Stamper?

Tangazo la kuuza niliandika mimi lakini maneno ni yake. "Kavu kabisa. Nimepima mwenyewe." Garth alipokuja Septemba akasema angependa kuleta mtu wake apime. Neville akacheka mpaka akakohoa. "Mtu wako alizaliwa mwaka gani? Mlete, nimfundishe kushika kipimo." Kijana wa watu akaona aibu, akaangalia daftari langu, namba zangu zilizonyooka, akatoa pesa. Nami nilisimama pale natabasamu kama bi harusi.

Basi Jumatatu ile walikabana kwa maneno, huyu kwenye geti, huyu kwenye mlango.

"Umeiacha na dirisha wazi wakati wote wa baridi!" Neville akafoka.

"Mzee Neville, njoo uguse tu. Gusa kwa kidole chako."

"Mimi siyo mpiga ramli, sigusi kuta. Mimi napima! Na nilipima!"

"Basi tutakutana mahakamani."

"Mahakamani! Hata leo! Avril, niletee koti!"

Avril ni mimi. Koti sikuleta. Garth akaondoka na ufunguo wake. Ng'ambo ya barabara pazia la Pauline likatikisika, na ukiona pazia la Pauline limetikisika ujue hadi jioni mtaa mzima una habari.

Jumanne nilipanda basi kwenda Hull kwa watu wa ushauri wa sheria wa bure, maana gari lilikuwa kifungoni. Mama mmoja mwenye miwani akanisikiliza, akaandika, akaniuliza maswali ambayo sikuyapenda.

"Mtu binafsi anapouza," akasema, "mnunuzi anatakiwa afungue macho yake mwenyewe. Hapo mko salama. Ila nyie mliandika ni kavu kabisa. Neno hilo ndilo linalowafunga. Mlisema kwa msingi gani?"

"Mume wangu alipima. Ni fundi wa kazi hiyo, maisha yake yote."

"Vizuri sana. Basi aje aeleze mbele ya hakimu alivyopima, na wataalamu wa upande wa pili wampime na yeye. Kama ni kweli, mtashinda. Kama siyo kweli, itaonekana ama alikosea kazi yake au alidanganya."

"Hakuna cha tatu?"

"Mrudishieni pesa kimyakimya, mama. Hicho ndicho cha tatu."

Nikarudi na basi nimeegemea kioo. Pesa zenyewe nyingi tulishazitia kwenye paa la nyumba. Iliyobaki benki ni ile akiba ya mazishi, yake na yangu, tuliyokuwa tunaichanga tangu tukiwa na nywele nyeusi. Lakini siyo pesa iliyonikaba roho. Kumrudishia Garth ni kusema mbele ya Hedon nzima kwamba Neville alipima vibaya. Kutomrudishia ni kumpeleka Neville akasimamishwe mbele ya watu wamchambue. Mbele moto, nyuma maji ya shingo. Na mimi, nitasema ukweli, mwaka mmoja kabla nilishasikia harufu mle ndani, harufu ya uyoga. Nikamwambia. Akasema, "Pua haina namba, Avril." Nikanyamaza, nikaosha mazulia.

Nyumbani nilimkuta anatembea huku na huku, ana raha kama mtu anayesubiri mechi. "Wamesemaje?"

"Wamesema tunaweza kuyamaliza tu. Neville, kubali yaishe."

"Yaishe vipi? Nirudishe pesa? Bibi wee, siku nikirudisha pesa nani ataniita tena akapimiwe? Nitaambiwa nini, yule mzee aliyeuza gogo bovu? Afadhali nife."

"Usife, maana akiba ya mazishi tunaweza tukaihitaji."

Hakucheka. Nami sikutaka acheke.

Ijumaa Garth akapiga simu. Alikuwa na wazo. Neville mwenyewe apime, kesho, kwa kipimo chake mwenyewe, mbele yake. Ikisoma chini ya ishirini pale ukuta wa mbele, ataivuta karavani yake aende nayo na ataomba radhi mtaani, hata kwa Pauline. Ikisoma juu, arudishiwe chake. Nilikuwa najaribu kutafuta uongo wa kumkatalia, Neville akaninyang'anya simu.

"Saa nne," akasema. "Na uje umeoga."

Ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya Machi, siku yetu ile ile. Neville alivaa koti la kazi la kiwandani lenye jina lake kifuani. Garth alikuja peke yake, mpole, ameshika kofia mkononi. Tukapanda wote watatu, tukabanana. Garth akakaa mezani, pale pangu, kwa kuwa ni mtu mkubwa na mahali pengine hapakumtosha. Mimi nikasimama na daftari langu nyuma ya bega la Neville. Hivyo tu. Kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na miwili nilikuwa nyuma ya bega lake.

"Andika," akasema. "Namba moja. Mlango, chini." Akachomeka. "Kumi na moja."

Niliandika kumi na moja. Kisha macho yangu, kwa ujinga tu, yakaenda kwenye mshale. Mshale ulikuwa kwenye kumi na tisa.

Nikadhani nimeona vibaya. Nina miaka sabini na moja, miwani yangu ni ya zamani.

"Namba mbili. Kumi na mbili."

Ishirini na mbili.

"Namba tatu. Kumi na moja."

Neville hakuwa anaangalia mshale. Alikuwa amekielekezea uso, ndiyo, ameinamisha kichwa kama alivyoinamisha siku zote, lakini macho yalikuwa pembeni, yanatazama mahali pasipo na kitu. Mambo yakaanza kunijia moja moja, kama watu wanaochelewa kanisani. Gari aliloacha kuendesha mwaka juzi kwa sababu ya nyonga. Gazeti analolishika asubuhi na kulitupa kwa sababu siku hizi wanaandika upuuzi. Siku aliyomsalimia Pauline kwa jina la dada yangu na sisi tukacheka. Jamani! Mtu nalala naye kitanda kimoja!

Tukafika chini ya dirisha la mbele. Vijino vya kipimo vilizama ukutani bila kusukumwa. Mshale ukakimbia mpaka mwisho, kwenye nyekundu, ukagonga kijiti cha kuuzuia na kukaa pale pale.

"Namba kumi na saba," akasema mume wangu kwa sauti ya mkaguzi. "Kumi na tatu."

Niliinua macho. Garth alikuwa ananitazama mimi. Kutoka pale mezani alikuwa anauona mshale vizuri kabisa. Alikuwa amefungua mdomo tayari kusema, na mimi nilimtazama, sijui uso wangu ulikuwaje, lakini akaufunga.

Nikaandika kumi na tatu.

Mimi, Avril Stamper, ambaye sijawahi kukosa kulipa hata gazeti, niliandika uongo kwa mkono wangu mbele ya mtu niliyekuwa namdhulumu. Nikaendelea. Kumi na nne. Kumi na mbili. Namba zangu zilizonyooka zikawa zinapanda na kushuka. Kila nilipoandika nilijisikia kama naingia ndani zaidi ya shimo ambalo hakuna mtu wa kunishushia kamba. Namba thelathini.

"Haya!" Neville akageuka. "Umesikia mwenyewe, Garth?"

Garth akageuza kofia yake mikononi. Kisha akasema, "Nimesikia, fundi."

"Unasemaje sasa?"

"Nasema nimeona fundi akifanya kazi. Sina zaidi." Akanyanyuka, akainama kupita mlangoni. "Mama, nisindikize kwenye gari."

Nje akasimama akichezea ufunguo. "Haoni," akasema.

"Nimejua leo. Sasa hivi. Naapa kwa Mungu."

"Nimekuona, mama. Hujafundishwa kuigiza kiasi hicho." Akashusha pumzi. "Baba yangu aliendesha lori miaka miwili haoni vizuri. Aliogopa kutuambia. Sikiliza, pesa yangu naihitaji, sitakudanganya. Bryony na mimi siyo matajiri. Lakini yeye usimwambie. Sema mke wangu amebadili mawazo, karavani haitaki tena, anataka twende likizo Uhispania. Sema lolote."

"Jumatatu nitakuletea."

"Asante, mama. Pole." Akafungua lile kufuli la njano, akanisaidia kuisukuma karavani pembeni ya nyumba, akaenda zake.

Wema kama ule ni mzito kuliko matusi. Jumatatu nilitoa akiba ya mazishi benki, nikamlipa Garth mpaka ya mwisho, na Neville nikamwambia habari ya Uhispania. Akapiga paja. "Uhispania! Nilikwambia. Ameona namba zangu, ameona aibu, ametafuta pa kutokea. Wewe umemrudishia kwa huruma tu, sawa, karavani kavu nitaiuza kesho kwa bei kubwa zaidi." Siku nzima alikuwa anaimba. Alitoka mpaka kwa Pauline kueleza alivyomshinda Garth kwa hoja, na Pauline akawaeleza wengine. Watu wawili wakapiga simu awapimie. Awapimie! Nikawaambia ana mafua. Usiku nilikaa macho nikihesabu mafua mangapi mtu anaweza kuugua kwa mwaka.

Mara kumi nilijaribu kumwambia. Namtengea chai, najikohoza, naanza, "Neville, twende siku moja tukapimwe macho, wote wawili," naye anajibu, "Kapime yako, yangu nayatumia." Wazee wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini hawasemi mke wa mficha maradhi afanye nini.

Alhamisi nilikuwa naanika nguo nyuma nikasikia anaongea na simu sebuleni, sauti yake ile ya kiwandani. "Ndiyo, mwanangu, ipo. Umeona tangazo? Safi. Kavu kabisa. Nimepima mwenyewe Jumamosi, sehemu thelathini, mke wangu anazo zote kwenye daftari."

Nikaacha shuka kwenye matope. Kumbe Pauline ndiye aliyemwandikia tangazo, kwa maneno yale yale, pauni elfu sita na mia nane.

Nilipoingia alikuwa amewasha spika, maana siku zile alikuwa hakioni kitufe, nadhani, anabonyeza tu mpaka kitu kitokee. Sauti ya binti mmoja ikajaa sebule. "Basi tutakuja leo jioni na pesa, baba. Kwa kweli umetuokoa. Nyumba yetu wanaibomoa ukuta, tutaishi humo mpaka Krismasi. Tuna mtoto wa miezi minne, nilikuwa naogopa sana mambo ya unyevu na kifua chake."

"Usiogope kitu, mwanangu," Neville akasema. "Mtoto atalala kama kwenye pamba."

Nilijua nikinyamaza jioni wangekuja. Ningewatengenezea chai. Ningewaonyesha daftari.

Nikachukua simu mkononi mwake. "Binti, usije."

"Samahani? Nani mwenzangu?"

"Mimi ndiye mkewe. Usije, mwanangu. Ukuta wa mbele umeoza wote. Mtoto usimlaze mle hata siku moja."

"Lakini baba amesema amepima..."

Neville alikuwa amesimama hatua moja kutoka kwangu, uso ameuelekeza kwenye sauti yangu. Nilitaka ardhi inimeze, naye nimkute huko chini tayari amenisamehe. "Baba haoni," nikasema. "Hawezi kuusoma mshale."

Binti akashukuru kwa sauti ndogo, akakata.

Nilingoja kelele. Miaka arobaini na sita ya ndoa, najua kelele zake zote. Hazikuja. Akanyoosha mkono, akapapasa mgongo wa kiti, akakipata, akakaa.

"Umejua lini?" akauliza.

"Jumamosi. Wewe?"

"Machi mwaka juzi. Namba zilikuwa zinafutika katikati. Nikasoma za mwaka wa nyuma, nilikuwa nazikumbuka zote. Nilijua nilivyoiziba ile karavani, Avril. Nilijua haiwezi kuingia maji."

"Kwa nini hukuniambia mimi? Mimi, Neville!"

"Ungeninyang'anya kipimo."

Kweli ningemnyang'anya. Nikalia, wala sikujificha. Akaniacha nilie, vidole vyake vinakwangua kifungo cha koti lile la kazi, alikuwa hajalivua tangu Jumamosi.

"Na Garth?" akasema baadaye. "Alikuwa amekaa pale mezani. Aliuona mshale?"

Ningeweza kudanganya mara moja zaidi. "Aliuona."

"Tangu mwanzo?"

"Tangu mwanzo."

"Na bado akaniita fundi."

"Ndiyo."

Neville akafunika uso kwa mikono yote miwili. "Afadhali," akasema, "angenitukana."